Skrubu Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu kaja kazini kwangu leo – si kunisalimia, kaja kupima. Ofisi yake imempa jengo letu aliandikie ripoti: libomolewe au lihifadhiwe. Wapangaji wote tumejipanga ngazini kama tunaopimwa ni sisi. Alivyopendeza na kofia ngumu na futi yake! Nilitaka kumfunga vizuri ule mkanda wa kidevuni, nikajizuia. Fundi saa wa chumba cha pili kanitania, eti leo mtoto ndiye anayempa mama yake notisi. Nikacheka.

Bosi wake anajua kuwa mimi ni mpangaji humu. Kamwambia, andika unachokiona, basi.

Jumanne, 5 Machi

Kaja kula kwetu. Kasoma ripoti kwa sauti, mimi naosha vyombo. Zamani lilikuwa posta – hilo najua. Baraza ya mbele imezibwa kwa matofali. Nakshi za ukutani zimekwanguliwa. Dari ya mbao imefunikwa jipsamu. Na madirisha saba ya upinde kule ghorofani – "yote yameondolewa."

Sahani ikaniteleza. Haikuvunjika, namshukuru Mungu.

Nikamuuliza, kuhifadhi hasa maana yake nini? Maana mimi darasa la nne nilihifadhi jedwali la kuzidisha. Na jengo hili nalo nimelihifadhi – ngazi ishirini na mbili, ya tisa inalia. Kacheka mpaka kashika mbavu. Kasema, basi Mama, wewe ndiye uliyelihifadhi, sisi ofisini hatujaanza. Angepata hata dirisha moja zima, kasema, angekuwa na la kuiambia kamati itakayoamua. Lakini limebadilishwa mno. Limebaki jina tu.

Nikaiosha ile sahani mara ya pili.

Jumatano, 6 Machi

Mkono wa gauni la mteja wangu mwalimu nimeupachika nje ndani. Nimefumua, nimeupachika tena – vilevile!

Niandike hapa, maana kinywani hapatoki neno. Dirisha la saba halikuondolewa. Liko nyuma ya ubao, nyuma ya cherehani yangu, nimelipa mgongo miaka ishirini na minane. Na aliyeliziba ni mimi.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Niligeuka kuchukua uzi, nikageuka tena – mtoto yuko juu ya ukingo wa dirisha, kasimama wima, anawapungia watu wa barabarani! Nikamdaka gauni kwa nyuma. Baba yake alicheka, akamwita Mjusi, na mpaka leo ni Mjusi wake. Mimi sikucheka. Siku ileile nikamtaka baba yake alete mbao zake za useremala. Ziba! Ziba lote! Baadaye wenye jengo wakatundika bango la sabuni kwa nje, dirisha likasahaulika.

Sasa mtoto anaandika anachokiona. Anachokiona ni woga wangu.

Ijumaa, 8 Machi

Mbona sisemi? Nikisema, watu watasema mama kamlisha maneno ili asihamishwe. Atachekwa ofisini, na kazi yenyewe ana mwaka mmoja tu. Nisiposema, jengo litaanguka kwa sahihi yake. Wabomoaji watang'oa ubao, atalikuta. Atanitazama. Siwezi.

Tena nani kasema nalililia jengo? Choo kinavuja. Ngazi zinanimaliza. Jipya litakuwa na lifti.

Uongo. Nalililia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia mzee wangu, baba yake Mjusi. Alikuwa uani ananyoosha goti lake bovu. Nilidhani atashtuka. Kaniuliza, unakumbuka niliziba kwa kitu gani? Nikasema kwa misumari. Weee! Misumari! Mke wa seremala miaka thelathini na tano, hajui msumari wala skrubu!

"Msumari ni ndoa," kasema, "skrubu ni uchumba. Nilitia skrubu kumi na mbili. Nilijua mtoto atakua. Ila wewe ndiye sikujua utakua lini."

Nikamrushia kandambili. Kisha nikalia kidogo. Kanifuta kwa shati lake la vumbi, uso ukazidi kuchafuka.

Kasema likiwepo dirisha moja, fundi anaweza kuchonga mengine sita kwa kulifuata. Kwani mimi sijui? Niletee mkono mmoja wa gauni, wa pili nakushonea.

Kanipa bisibisi yake ya mpini wa mbao. Goti lake haliwezi ngazi, kwa hiyo ni mimi. Je, vioo vizima? Hajui. Kamati inakuja Jumatatu saa nne.

Jumapili, 10 Machi

Jengo limefungwa. Nimempigia binti, nimemuuliza kala nini. Kasema, Mama, una jambo. Nikasema sina.

Jumatatu, 11 Machi

Saa moja nimeshafika. Nimesogeza cherehani, nimeweka kiti juu ya meza, nimepanda. Skrubu ya kwanza imegoma. Nikaidondoshea mafuta ya cherehani, nikaiomba. Ikalia – ikazunguka! Ya nne. Ya saba. Ya nane ikaachia kona, nikachungulia. Vumbi, utando wa buibui. Na upinde! Mzima, wa mbao, kama mtu aliyenyanyua nyusi. Kioo kimoja cha kijani kina ufa. Vingine sijaviona.

Ya kumi na moja imetoka, nasikia ngazi ya tisa inalia. Ikalia tena. Na tena. Wamewahi! Mlangoni binti yangu, nyuma yake bosi na wanakamati wawili na mafaili yao. Mimi huku juu, nina skrubu mdomoni.

"Mama! Shuka hapo, utaanguka!"

Akanidaka gauni kwa nyuma.

Nikayasema yote hapohapo, nimekamatwa hivyohivyo. Kwamba ni mimi. Kwamba mtoto hakujua lolote. Bosi kavua miwani. Mwanakamati mmoja kauliza kama hili si jambo la kupangwa. Mwenzake kasema tuone kwanza.

Nimekalishwa kama mgonjwa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Imebaki skrubu moja, imeshika kutu. Bosi kajaribu, imemshinda, kanirudishia bisibisi. Wote wanatazama ubao. Binti kavua kofia, kapanda mezani mwenyewe – na viatu gani vile vya kupandia! – hajaniangalia tangu nimalize kusema. Sasa kanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka.

"Mama, bisibisi."