Moshi wa Nyuma ya Gesti

Nkoma, Bariadi
14 Julai 1996

Kwa kaka yangu Athanasi,

Mwangaluka, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mwanza, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Kifua cha Baba kimetulia kidogo, na Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unakunywa chai tupu asubuhi ukasema umekula. Pamba tumevuna, si haba, ingawa mvua ilitukimbia mapema.

Salamu zimetosha. Sasa nakupa kidonge chako, ukimeze.

Ulipotuandikia kwamba kiwanda kimewapunguza kazi, nililia. Ulipoongeza kwamba Baba auze ng'ombe wote, mchanganye na kiinua mgongo chako, mnunue gari la betri la kubeba abiria kati ya Bariadi na huku kwetu, machozi yalikauka hapo hapo. Ng'ombe wale ndio mahari ya mdogo wetu Mihayo, ndio chakula mvua ikigoma. Nikajiuliza huyo Januarius unayeshirikiana naye katoka wapi. Siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu, na kila mwenye mkoba anajiita mwekezaji.

Basi akaja. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wako kaja, mwenyeji kaanza kuumwa kichwa. Alileta kigari cheupe, mtumba wa Ulaya, akakizungusha mnadani bila mlio hata wa nzi. Watoto walishangilia. Bibi Kwandu, jirani yetu, alirudi nyuma akatema mate chini, akasema anawajua wanaosafiri kimyakimya, na si watu wa kukaribishwa nyumbani. Tulicheka, lakini mimi nilicheka nusu.

Januarius alijua pa kutukuna. Alisema wakubwa wa dunia wamekaa mkutano, wakaona moshi wa magari unaharibu anga na kuvuruga mvua, na kwamba gari lake halitoi moshi kabisa. Mtajie Msukuma mvua uone atakavyonyamaza. Nilimuuliza linakula nini. Akasema umeme. Nikamwambia kwetu Nkoma umeme tunaoujua ni wa radi. Alitabasamu, akamgeukia Baba, kana kwamba aliyeuliza ni mbuzi.

Sikukubali. Kesho yake nilifunga marobota mawili ya pamba kwenye baiskeli, nikasema naenda kuuza Bariadi, na kweli niliuza. Kisha nikapita gesti alikofikia. Nyuma ya ukuta, kaka, nilikuta jenereta la dizeli limefunikwa turubai, linanguruma kama lina kesi, na waya umetoka pale umeingia kwenye tumbo la kile kigari. Kanga za mwenye gesti zilizokuwa kambani zilikuwa zimegeuka rangi ya mkaa. Januarius aliponiona alisema hilo ni la muda tu, mpaka nguzo za umeme zifike. Nilimuuliza zinafika lini. Akaniuliza kama nimeolewa.

Kwa hiyo moshi haukwenda popote. Umehamishiwa uani, asiuone mwenye ng'ombe.

Sisemi gari la betri ni uongo. Nilikaa ndani yake, ni tamu, halitikisi. Huenda siku umeme ukija kweli litafaa. Lakini linabeba watu wanne, na lilipofika Lagangabilili lililala pale pale hadi likavutwa na lori. Basi letu lina moshi wa kukaushia nyama, sikatai, ila linabeba ukoo mzima na kuku wao. Na baiskeli, inayobeba pamba yetu na wagonjwa wetu, inakula ugali wa anayeipanda, basi. Kama ni mvua tunayoitaka, tuongeze hizo.

Nilirudi nikamweleza Baba yote. Aliitikia tu, kama alivyomwitikia Januarius na kumwahidi kwamba ng'ombe watauzwa mnada unaofuata. Hapo nikamtilia shaka hata Baba. Kila asubuhi zizi lilikuwa linapungua. Nikasema moyoni, mzee anamuuzia yule mtu kichinichini. Nilikasirika nikamkosesha uji siku nzima, Mungu anisamehe.

Sasa sikia nilichokatazwa kukuandikia. Baba hakuuza hata mmoja. Amewagawa kwa ndugu na marafiki wawatunze, kama wazee walivyowekeana mifugo tangu zamani: mtunzaji anakamua maziwa, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Wengine wako Kasoli, wengine sijui, maana wanaojua walipo wote ni yeye na Mihayo. Anasema ng'ombe wakikaa zizi moja, hata mgeni anaweza kuwahesabu. Alinikataza kukuambia kwa sababu wewe utamwambia Januarius.

Nakuambia kwa sababu ng'ombe wamepona, lakini wewe hujapona. Kiinua mgongo chako hakina jirani wa kukificha. Usimpe yule mtu, kaka yangu. Nakuomba kwa titi tulilonyonya wote, usimpe.

Zizini amebaki mmoja. Ni yule mwekundu mwenye baka jeupe jichoni, mjukuu wa ndama uliyemnyonyesha kwa kopo ulipokuwa mdogo, mama yake alipokufa. Nilimuuliza Baba kwa nini huyu hakumpeleka. Akasema huyo ni wa Athanasi, yeye hana haki ya kumficha. Ukitaka kumfanya chakula cha jenereta, uje umfungue kamba kwa mkono wako mwenyewe.

Ana mimba, anakaribia kuzaa. Baba hashindi tena kilabuni, anakaa naye.

Panda basi, kaka, uvumilie moshi. Mihayo atakupokea stendi Bariadi. Kiti cha nyuma cha baiskeli nimekifunga gunia jipya, hakitakuumiza.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Kabula