Moshi wa Tanuu la Baba

Kibuyuni,
9 Agosti 1998

Kaka yangu mpenzi Matano,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Malindi ukiwa buheri wa afya, na kwamba jiko la hoteli halikuchoshi kupita kiasi. Mama anakusalimu sana; goti lake limepata nafuu. Sisi wengine tunamshukuru Mungu, ila nina mengi ya kukueleza, na si yote mazuri.

Tangu magogo yawe adimu, baba amekuwa akichoma chokaa tanuuni kwa matairi makuukuu. Moshi wake unakaba koo, na upepo wa kusi unausukuma wote majumbani. Zahanati ninakofanya kazi ilijaa watoto wanaougua vifua. Ndipo akaja Bi Rael, afisa wa afya kutoka Kwale, mtu wa bara lakini mwenye adabu zake. Alileta mashine ndogo zinazovuta hewa na kuipitisha kwenye karatasi nyeupe, ili uchafu uliomo unase. Moja aliiweka skuli, moja msikitini, ya tatu uani kwetu. Baba mwenyewe alimkaribisha, akamwambia kuwa moshi ule haujamdhuru mtu, bali ndio uliotulea. Mimi nikapewa kazi ya kubadilisha karatasi kila asubuhi.

Karatasi ya msikitini ilitoka na vumbi kidogo tu. Ya skuli ilikuwa ya kijivu. Ya uani kwetu, kaka, ilikuwa masizi matupu. Baba alipoiona aliniomba, kwa upole nisiouzoea, niihamishie mashine upande moshi usikofika hadi Bi Rael atakaporudi. Nilimwambia siwezi. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Bi Rael aliyasoma matokeo barazani kwa chifu. Mzee Mwero akadai kuwa hayo ni maneno ya watu wa hoteli wanaotaka kutuondoa pwani, na wengi wakamuunga mkono. Chifu akauliza ni nani aliyezishughulikia mashine. Nikasimama, nikaeleza nilichokiona, na matairi nikayataja. Baba aliondoka kabla sijamaliza. Tanuu limezimwa kwa amri ya chifu. Tangu siku hiyo hajaniitikia salamu, na chakula anakula kwa ami Chande.

Sasa la moyoni. Nimekatazwa kukuandikia hili, lakini Chiku tunayemlea hapa ni mwanao. Yeye ndiye aliyenipa nguvu ya kusimama. Kikohozi tulichokuambia kuwa ni mafua hakikuwa mafua. Siku chache kabla ya baraza alibanwa na pumzi hadi midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza hospitali ya Msambweni. Baba alishikilia kuwa ni baridi tu. Daktari anasema ni pumu, na kwamba akirudi kwenye moshi ule huenda tusimuwahi tena. Barua hii niliianza nyumbani, naimalizia nikiwa kando ya kitanda chake. Leo amekunywa uji, na anakuulizia. Njoo, kaka, tuamue ataishi wapi.

Jana baba alikuja wodini. Hakunitazama. Alikaa kitandani, akaushika mguu wa Chiku kwa muda mrefu, kisha akamwita muuguzi na kumuuliza, "Mwanangu, hewa inayoingia dirisha hili mmeipima?"

Wifi yangu na wenzako wa jikoni wape salamu zangu. Mungu akulinde njiani.

Mimi mdogo wako,
Hanifa