Kuaga Mara ya Tatu

Jumatano, Juni 1966

Radhi zimeniishia. Leo nimezunguka mtaa wetu wa Langoni, mfuko mgongoni, nikiomba watu wanisamehe kama msafiri anavyotakiwa. Nchi ni nyingi kutoka hapa hadi Uturuki, na ninakwenda peke yangu. Taabu ni kwamba niliaga mwaka jana, na mwaka juzi pia, nikaishia Mombasa.

Bwana Athmani fundi cherehani hakuinua hata kichwa. "Mwaka jana nilikusamehe mpaka makosa ya mwaka huu," akasema. "Nenda zako, au kaa unishonee vifungo."

Nilicheka, lakini hofu ninayo. Nina miaka hamsini, magoti yanalia, na Kiarabu changu ni cha kusalia tu. Nikipotea Sudan, itabidi dereva wa lori nimsomee Fatiha ndipo anionyeshe njia.

Dada yangu Bi Zena alinipakulia wali kwanza. Nilipokwisha kula nikamwomba radhi.

"Sikupi," akasema. "Kila nikikupa, wabaki. Shika ndia, enda na kinyongo changu. Ukitaka radhi, rudi uifuate."

Hakuwa akicheka.

Basi nimenaswa. Ili nirudi kwake, itabidi kwanza niondoke.