Tairi Lililoacha Weusi Mikononi Mwangu

Jumamosi usiku, jua limeshazama. Mvua ya alasiri imeacha matope mpaka mlangoni, na hewa kutoka ziwani ni nzito kama nguo iliyoanikwa ikakataa kukauka. Sabato imekwisha, kwa hivyo sasa naruhusiwa kuandika mambo ya kununua na kuuza. Nimeingoja saa hii tangu jana kama mpangaji anayengoja zamu ya bafu la ploti.

Nina neno rohoni. Hata mume wangu, Baba Akinyi, jana nilimwambia nusu tu.

Ni juu ya tairi la nyuma la pikipiki.

Lile la zamani lilikuwa limeisha, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Wiki iliyopita lilimtelezea mume wangu pale Kondele akiwa amebeba mama mjamzito. Hawakuumia. Nilimwambia huyo ni Mungu amepiga hodi, tusingoje asukume mlango. Pikipiki hiyo ndiyo shamba letu. Yeye anabeba watu hapa Manyatta, mimi nauza mitumba ya watoto, na pikipiki ikilala hata sufuria inalala.

Tulianza mjini, kwa Mama Wangari. Ni mama wa kutoka Murang'a mwenye duka la spea, mtu wa maneno machache. Alituwekea tairi juu ya meza akatuonyesha vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani. Akatuonyesha tarakimu nne ubavuni, akasema hizo ndizo zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, na tairi lisilo nazo ni kama mtoto asiye na siku ya kuzaliwa. Akasema pia tununue tyubu mpya, kwa sababu ya zamani imeshatanuka, ukiitia ndani ya tairi jipya inajikunja, halafu inakatika ukiwa barabarani.

Bei ilinifanya nicheke. Nikaanza kupunguza vile wateja wangu wananipunguza mimi sokoni. Akashuka kidogo, akasimama.

"Chini ya hapo, mama," akasema, "nitakuwa nakuuzia maneno."

Hapo nilimgeukia Baba Akinyi nikamwambia kwa Dholuo kwamba hawa watu walikuja huku kutukamua tu. Mama Wangari akaendelea kufuta meza. Amekaa Kisumu miaka mingi, watoto wake wamezaliwa hapa, lazima anaelewa lugha yetu. Sikufikiria hilo wakati ule. Nalifikiria sasa.

Tukaenda kwa Jaduong'. Ndivyo sisi tunavyomwita mzee wa heshima, na huyu ni mzee wa kanisa letu, yule anayesimama mbele kutangaza sadaka. Ana kibanda cha matairi kando ya barabara, na fundi wake wa pancha. Alitupokea kama watu wa nyumbani, tukapewa kiti. Akatoa tairi jeusi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jipya, akasema, limebaki moja, na alikuwa amelificha akiwangoja ndugu wa imani. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile ya mjini. Tyubu, akasema, hiyo yetu bado ina maisha.

Kama mtu wa mitumba ningepaswa kushtuka. Mimi najua nguo inayopigwa pasi sana huwa inaficha uzee. Lakini fundi alikuwa ameshashika kazi. Alipaka maji ya sabuni, akaingiza vyuma vyake viwili, akalivuta lile la zamani likatoka kama ngozi ya ndizi. Jipya lilipokaa kwenye rimu na kujazwa upepo, Jaduong' aliweka mkono juu yake akasema tuombe.

Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Kitu kipya hakiondoki bila maombi. Akaomba vizuri sana, akataja barabara, madereva wa malori, na yule adui anayengoja kwenye kona. Tukasema amina, tukapanda, tukaenda.

Mpaka tunafika nyumbani sikuwa nimelikagua hilo tairi hata mara moja. Huwezi kukagua kitu ukiwa umefumba macho.

Jana ilikuwa siku ya maandalizi. Ijumaa kwangu kila kitu huoshwa kabla jua halijazama, viatu, sufuria, na pikipiki pia, kwa sababu itasimama nje ya nyumba ya Mungu. Nilikuwa na maji moto na brashi ngumu. Nilipofika gurudumu la nyuma, povu likawa jeusi. Nikasema ni vumbi. Nikamwaga, nikasugua tena. Likawa jeusi zaidi, na mikono yangu pia, na ile harufu nikaijua. Ilikuwa rangi ya viatu.

Chini ya rangi, tairi lilikuwa la kijivu kama mzee aliyenyolewa ndevu zilizotiwa piko.

Nikatafuta vinyweleo. Hakuna hata kimoja. Nikatafuta zile tarakimu nne, nikakuta mahali pamekwaruzwa pakawa laini. Halafu nikapitisha ukucha ndani ya mifereji yake. Mifereji ya tairi jipya huwa na kingo zilizotoka kwenye kalibu. Hii ilikuwa imechongwa kwa kisu, na mahali pawili kisu kilienda chini mno, nikaona uzi. Uzi kabisa, ule wa ndani unaolishikilia tairi lisipasuke.

Nikamwita Baba Akinyi. Alikuja na taulo begani, jua likiwa limegusa mabati ya jirani. Nikamwonyesha mikono yangu tu. Ule uzi sikumwonyesha. Niliogopa nikiutaja utakuwa kweli.

"Min Akinyi," akaniambia, yaani Mama Akinyi, "huyo mtu tunakula naye meza ya Bwana. Sasa unataka tairi au unataka kesi?"

Halafu akasema Sabato inaingia, tusizungumze biashara. Ikawa hivyo.

Nilale vipi? Kesho Jumapili alikuwa amepanga kumrudisha binti yetu Akinyi kule Katito, anakofanya kazi ya kusuka nywele. Barabara hiyo ina malori ya mchanga ambayo hayamngoji mtu. Mume wangu na mtoto wangu mmoja, wawili juu ya ule uzi. Niliwaza hivyo usiku wote, nikaomba, halafu nikaona aibu kwa namna nilivyokuwa naomba. Nilikuwa namshtaki mtu.

Leo asubuhi ikawa safari ya kanisani, si mbali. Baba Akinyi aliwasha pikipiki, nikasema mimi na Akinyi tutatembea, nataka kunyoosha miguu. Aliniangalia kidogo, akaenda polepole peke yake.

Niliketi safu ya nyuma ya Jaduong'. Niliangalia shingo yake ibada yote. Shingo safi, kola imepigwa pasi. Nikajiuliza labda na yeye aliuziwa hivyo. Labda fundi ndiye mjanja. Labda mimi ndiye mwenye roho chafu, nimekaa sana na mitumba mpaka naona mashimo kwenye kila shati. Tulipoimba aliimba sauti ya chini, nzuri, ile iliyoombea tairi letu. Sikuweza kumuuliza. Swali lenyewe lilikuwa biashara.

Lakini msaada wa usafiri si biashara.

Hilo lilinijia wakati wa baraka za mwisho, na sijui lilitoka kwa Mungu au kwangu mwenyewe. Tulipotoka, wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa, jeusi, linakuja. Jaduong' anaishi mbali, kule karibu na Nyamasaria. Nikamwendea mbele ya akina mama wote.

"Jaduong', ona mvua hiyo. Panda, Baba Akinyi akufikishe. Bure tu, ni Sabato."

Akafurahi. Akanibariki. Akaweka Biblia kwapani, akakusanya koti lake, akainua mguu kupanda. Hapo macho yake yakashuka kwenye gurudumu.

Tairi lilikuwa limeoshwa. Halikung'aa tena. Liko pale na ukijivu wake wote mchana kweupe.

Mguu ukarudi chini.

"Asante, mama," akasema. "Wacha nitembee. Nataka kunyoosha miguu."

Neno hilo nililijua. Asubuhi lilikuwa langu.

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Jaduong' anaogopa pikipiki kuliko dhambi," na watu wakacheka. Yeye alicheka kuliko wote, na alicheka hata baada ya wengine kunyamaza. Halafu akaondoka na ile barabara, haraka. Mvua ilimkuta kabla hajafika kwenye kinu cha kusaga. Nilimwona akifunika Biblia kwa koti na kichwa chake akakiacha kilowe. Nilimhurumia. Sitaki kudanganya, nilimhurumia na bado nikafurahi kwamba analowa.

Nilimgeukia mume wangu nione kama ameona. Alikuwa anafuta kiti kwa mkono, uso hauna habari. Alirudi nyumbani polepole kama alivyokuja. Tukala. Akamwambia Akinyi ajiandae, wataondoka alfajiri kabla malori hayajawa mengi. Akajilaza kwenye kochi.

Nikawa nashuku hata yeye. Nikasema huyu ameona na ananyamaza kwa sababu anaogopa kukosana na mzee. Au kuna pesa ambazo hazikulipwa, nami sijui? Au walielewana? Miaka yote hii ndani ya nyumba moja, na tairi moja la kuchonga limenifanya nimpeleleze mume wangu akiwa amelala na mdomo wazi.

Nikapanga la kufanya. Jua likizama tu, nitatoka nje nitoe upepo wote kwenye lile gurudumu, nitupe kile kifuniko kidogo cha valvu mtaroni. Asubuhi aseme atakavyosema.

Jua lilipozama tukafunga Sabato kwa wimbo na sala. Nikasema naenda kuanua nguo. Nikajishughulisha kidogo kwenye kamba, nguo zenyewe zimelowa tena, halafu nikazunguka nyuma ya nyumba.

Baba Akinyi alikuwa amenitangulia. Amechuchumaa kando ya gurudumu, tairi limekaa chini tepwetepwe, na kile kifuniko kidogo kiko kiganjani mwake.

"Limepata pancha," akasema bila kuniangalia.

"Naona," nikasema.

Nikachuchumaa naye. Nikashika kidole chake nikakipitisha kwenye mfereji mpaka kikafika kwenye uzi. Akaukuna kwa ukucha kwa muda. Halafu akasema Akinyi atapanda gari asubuhi, na yeye atakaa.

Nikasema tulirudishe kwa Jaduong', aturudishie chetu. Akatikisa kichwa. Akasema tukilirudisha litapakwa rangi tena, na atakayekuja kulinunua ni mtu mwingine wa kanisa, naye ataombewa. Mume wangu si mtu wa maneno mengi.

Nikaingia jikoni nikamletea kisu kikubwa.

Tumelitoa kwenye rimu, tukalikata vipande vitatu. Kisu kilipita kirahisi mno mahali palipochongwa, mpaka tukaangaliana. Pesa zetu zimeenda na maji. Kipande chenye uzi nimekiosha nikakifunga kwenye karatasi, na kesho nitampelekea Jaduong' mwenyewe mkononi, faraghani, bila kelele. Sitamwita mwizi. Nitamuuliza kama kuna mengine ya namna hii yanayotembea barabarani na jina la Yesu juu yake. Akinijibu vizuri nitamsikiliza. Nikiona anacheka tena kupita kiasi, nitakwenda kwa wazee wenzake.

Halafu kuna Mama Wangari.

Sijui nitauingia ule mlango na uso gani. Kama alisikia nilichosema ile siku, na sasa naamini alisikia, ana haki ya kunipandishia bei. Nitamsalimu kwanza, nimuulize habari za watoto. Bei nitapunguza, lakini kidogo. Tyubu mpya pia tutachukua, hata kama ni kwa kuuza lile fungu la masweta nililokuwa nalingojea baridi.

Na tairi lake vilevile nitalikagua, vinyweleo, tarakimu, mifereji yote, macho yangu yakiwa wazi. Kuomba tutaomba tukishafika nyumbani.