Mwanza mpaka Dar, makande hayajaiva

Jumapili. Jua kali, vumbi tupu, mawingu yamepita Kishapu bila hata kutuangalia. Nimekuja nyumbani juzi kutoka machimboni Nyarugusu, na leo nimemjibu baba mkubwa mbele za watu.

Sijutii.

Iko hivi. Mama anatakiwa Dar kupasuliwa nyonga. Kukaa kwenye kiti ndiyo shida yake kubwa. Tulishampeleka Mwanza kwa basi, akashuka analia, na mama yangu si mtu wa kulia. Dar kwa basi ni kutwa nzima. Nikakata tiketi za ndege, yake na yangu, za Jumatano. Sikumuuliza mtu.

Tangu baba afariki, baba mkubwa ndiye anayeamua mambo ya kwetu. Leo akaitisha kikao. "Masanja, wewe umeishia la nne. Ndege umeijulia wapi?"

Kweli sijawahi kupanda. Ila kule machimboni mimi nakaa juu, navuta kamba ya wenzangu walioko shimoni, na anayekaa juu anaona mbingu kutwa. Nilikuwa naona ndege zinapita, nikaanza kuulizia kwenye simu zinaenda wapi, zinachukua muda gani. Mwanza mpaka Dar ni lisaa limoja na nusu hivi, maana inakata moja kwa moja, haizunguki Singida na Dodoma kama barabara.

Nikayasema hayo naangalia chini. Wakacheka.

"Na akifia huko juu," baba mkubwa akasema, "utamshusha kwa hiyo kamba yako?"

Nikainua uso. "Nakuheshimu, baba mkubwa. Lakini mama hapandi basi."

Mama akaingilia.

Lisaa na nusu la kwenye simu yeye halijui, muda anaupimia makande. Akaniambia kwa Kisukuma nibandike makande, nimwekee kiti, halafu niseme muda ukitimia. Nikatega kengele ya simu, akakaa. Watu wote wakabaki wanamtazama, hata baba mkubwa hakuondoka. Mama alibana meno, jasho likamtoka, akashika goti lake kama linataka kukimbia.

Hakunyanyuka.

Simu ikalia. Nikamwambia, "Mayu, tumeshatua Dar."

Akauliza makande vipi. Nikafunua sufuria, nikaminya harage moja. Gumu.

Safari hii wa kucheka alikuwa mama.

Sikutaka kumdanganya, nikamwambia kuna gari mpaka Mwanza kwanza, halafu kuna kusubiri pale uwanjani. Akasema, "Safari ya barabarani naijua. Nilitaka kuijua ya juu."

Barabarani nitamlaza kwenye godoro nyuma ya gari aina ya Noah. Uwanjani nitaomba kiti cha magurudumu. Mimi huyu, ambaye hata dukani nasubiri wengine wamalize ndiyo nisogee. Nitaomba, na wasiponisikia nitaomba tena kwa sauti.

Baba mkubwa alisubiri makande yakaiva, akala, akaaga. Ndiyo hakusema. Na mimi siisubiri.

Naogopa, nisidanganye. Hasa nikiwaza magurudumu ya ndege yanaachia ardhi.

Lakini Jumatano tunapanda, na dirishani anakaa mama.