Umri Wako na Umri wa Mama

Mpendwa kaka,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za huko, na wifi, na watoto? Ule mgongo uliokusumbua Krismasi umetulia, ama bado unalala sakafuni? Sisi huku Kangundo tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mvua imekuja kidogo, kahawa imetoa maua, na mama anatembea, ingawa miguu yake hufura ikifika jioni.

Naandika kwa sababu kwa simu hatuelewani. Nikitaja tu neno umri, unasema netiwaki ni mbaya. Jina lako sitaliandika hapa, maana barua hupita mikono mingi. Utajijua kwa hayo mengine.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni kuvuka mto, mimi naanza shule na wewe karibu unamaliza? Wenzako walikuita yaya. Ukawaambia, "Huyu ni mkia wangu. Mmewahi kuona ng'ombe akiacha mkia nyumbani?" Wakati wa kuchuma kahawa ulijaza mkebe wangu kwanza ndipo ujaze wako, ili mama anisifu mimi. Miaka saba ilikuwa kati yetu, na niliona kama wewe ni baba mdogo.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita ilitangazwa kanisani kwamba serikali inaandikisha tena wazee waliofika sabini, wapate ile pesa ya kila mwezi. Nyanya Wavinya, yule aliyebatizwa siku moja na mama, ameipokea kwa muda sasa. Mama alifurahi kuliko nilivyotarajia. Hakutaja nyama wala blanketi. Alisema, "Nitatoa sadaka yangu mwenyewe." Kaka, sikujua kwamba kila Jumapili nikimtia sarafu kiganjani kabla ya kikapu kupita, alikuwa anaona haya.

Shida ni kitambulisho. Unajua kilivyopatikana. Karani alimuuliza amezaliwa mwaka gani, mama akaanza kumweleza juu ya njaa, maana yeye huhesabu miaka kwa njaa, na karani hakuwa na nafasi ya njaa. Alimtazama tu, akaona mwili mdogo, akaandika alichoona. Kwa hiyo serikali inajua mama ako na sitini na tano, na sisi tunajua amepita hapo kwa miaka kama kumi.

Tulienda kwa chifu tukiwa watatu, mama, mimi na Nyanya Wavinya kama shahidi. Nyanya hakungoja kuulizwa. Alisema yeye na mama ni rika moja, na kama kuna mkubwa, basi ni mama, kwa sababu siku ya ubatizo mama alikuwa tayari anaposwa na yeye bado anachunga mbuzi. Chifu akacheka, akamuuliza mama anakunywa nini ili asizeeke. Nyanya akamjibu, "Tunachota kisima moja, chifu. Labda mimi ndiye nilikunywa yale maji ya chini." Watu wote kwenye benchi wakacheka, hata mama.

Mama akauliza pole pole, ile miaka aliyokosa italipwaje. Chifu akasema ya nyuma hailipwi. Pesa inaanza siku jina linapoingia, na orodha inafungwa mwisho wa mwezi huu. Halafu akasema kwamba maneno ya rafiki hayatoshi, kwa sababu kila mtu huja na rafiki. Kinachoweza kurekebisha kitambulisho ni mtoto. Kama mtoto wa kwanza ni mkubwa kiasi kwamba mama hangeweza kumzaa kwa miaka iliyoandikwa, basi miaka hiyo ina makosa, na yeye mwenyewe ataandika barua ya kuthibitisha.

Kaka, moyo wangu uliruka. Wewe una hamsini na nane. Mama angekuwa amekuzaa akiwa na miaka saba. Mtu gani angebisha?

"Kifungua mimba wako ni nani, mama?" chifu akauliza. "Aje hapa na kitambulisho chake."

Nyanya Wavinya alifungua mdomo, na mama akamkanyaga mguu chini ya benchi, niliona kwa macho yangu. Kisha akanishika bega.

"Kifungua mimba wangu ni huyu."

Chifu akachukua kitambulisho changu, akaona hamsini na moja, akaitoa kwenye sitini na tano ya mama. Akasema kumi na nne, hiyo inawezekana, wasichana wa zamani waliolewa mapema. Basi kitambulisho cha mama kiko sawa. Arudi baada ya miaka mitano. Akaita anayefuata.

Kwa karatasi za serikali mama hakudanganya. Wewe umeandikwa hamsini, kwa hivyo huko mimi ni dada yako mkubwa. Ile siku ulipotafutiwa kazi, ukawa umepita umri, mama alivaa gauni lake la kanisa akaenda na wewe mjini Machakos kuapa kwamba ulizaliwa miaka minane baadaye. Nilikuwa nimepika muthokoi, na mama hakuila. Alikwambia, "Leo nimekuzaa tena, na mara hii imeniuma kuliko ile." Wewe ulicheka. Nafikiri ulicheka kwa sababu uliogopa.

Sikulaumu. Mshahara huo ndio uliotuezekea mabati, na ndio ulioninunulia cherehani iliyonifikisha kwenye viwanda vya nguo vya EPZ kule Athi River. Tumeula sote. Lakini wewe pensheni yako imesogezwa mbele miaka minane, na ya mama imesogezwa nayo. Yako ikibaki pale, yake haiwezi kuja.

Tulipotoka kwa chifu Nyanya Wavinya alikuwa na hasira. Alimwambia mama, "Unamkana mtoto ndio alale vizuri? Na wewe utalala wapi?" Mama alitembea mbele yetu hadi nyumbani, na yeye siku hizi hatembei mbele ya mtu.

Jumapili iliyofuata hakwenda kupokea komunyo. Wala iliyofuata. Watu wakisimama kwenye mstari, yeye anabaki ameketi, akivuta vuta leso. Padre alimuuliza, akasema ni miguu. Padre akasema basi nitakuletea pale ulipoketi, na mama akatikisa kichwa. Kaka, unamjua mama. Hata mwaka ule baba alipokufa hakukosa meza ya Bwana.

Nilimkalisha jikoni nikamwambia, Mwaitu, mama yangu, twende kwa padre, kisha turudi kwa chifu useme ukweli, yaishe. Akasema kiapo kile walikula wawili, na hawezi kukitoa peke yake. "Nikisema, nitakuwa nimemtoa mwanangu kazini kwa mdomo wangu. Nitasema siku yeye mwenyewe ataniambia sema." Kisha akaniuliza kama nimefungia kuku.

Hajui naandika barua hii.

Najua ninachokuomba. Kwa umri wa kweli umebakiza miaka miwili, na kwa karatasi kumi. Najua mtoto wako wa mwisho ndio kwanza ameingia chuo. Niliulizia mjini bila kukutaja. Mmoja akasema walio na makosa kama hayo hurekebishwa, wanastaafu kwa umri wao na wanalipwa haki yao. Mwingine akasema kuna kesi. Mimi nilisoma hadi darasa la nane, sijui nani anasema kweli, na usiku nikisali naomba mambo mawili yanayopingana. Naomba ubaki kazini, na naomba mama apokee komunyo. Sijui Mungu ananisikia vipi.

Ukiamua kuja, shuka Kyumbi nitakungoja pale ninapouzia machungwa, tupande pamoja kwa chifu. Kadi yako ya ubatizo, ile yenye mwaka wako wa kweli, iko kwa sanduku la mama. Ukiona huwezi, usiniambie netiwaki. Niambie huwezi, na nitabaki kuwa dada yako. Lakini mpigie mama mwenyewe, siku yoyote kabla orodha haijafungwa, na umwambie anyamaze ama aseme. Asiachwe akikisia. Anakaa na simu mapajani tangu siku ile, na ikilia huitazama kwanza kama ni wewe.

Wasalimie wote, na Mungu akutunze mgongo na moyo. Tafadhali nijibu upesi, kaka. Mama anangoja umruhusu aseme kwamba alikuzaa.

Ni mimi,
Mdogo wako