Mtoto wa Dada Aliyetoa Kitambulisho

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie haraka, maana mwenzio hata chai haishuki. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama yangu mzazi kwenye nyumba yake, na mwaka jana nilianza kupangisha chumba kikubwa kwa wageni wa siku mbili tatu wanaonipata kwenye simu, na kwa kuwa siku hizi serikali inataka kila anayelaza wageni ajisajili, akate leseni na alipe kodi, nikajifanya mjanja, kila mgeni akifika namwambia, "Jirani akikuuliza, wewe ni mtoto wa dada yangu," na mama naye nikamfundisha kuwaita wajukuu, mpaka mtaani wakawa wananitania, "Fundi, huyo dada yako anazaa jamani!" nami nacheka.

Wiki iliyopita kaja baba mmoja mpole, nikampa somo lake kama kawaida, akaitikia, "Sawa, mama mdogo." Kalala siku mbili, kakunja shuka vizuri, kisha akatoa kitambulisho. Mkaguzi wa manispaa! Mshauri, nilikaa juu ya kijimto cha sindano, wala sikuhisi. Kaniachia fomu niirudishe ndani ya siku saba, la sivyo wanafunga biashara na faini juu. Chini inataka sahihi ya mwenye nyumba, na kuna swali, nani hulala chumba hicho kusipokuwa na mgeni, sasa hapo ndipo nilipokwama, maana ni chumba cha mama, wageni wakija namtandikia godoro chini kwenye chumba cha cherehani, ni siku chache tu na wala halalamiki, je, nikiandika ni stoo watajua?

Fundi wa Roho Juu

Fundi, ebu ngoja kwanza. Mama yako mzazi, nyumba yake mwenyewe, analala chini katikati ya vipande vya vitambaa? Nimerudia kusoma nikidhani nimekosea. Pole kwa mshtuko, lakini mimi nimeshtuka kukushinda.

Stoo! Mkaguzi kalala humo siku mbili, unamdanganya nani? Za mwizi arobaini, na zako zimetimia. Kesho asubuhi nenda manispaa, usingoje siku ya saba. Sema kweli, jisajili, wakikutoza faini omba uilipe kidogo kidogo, na kodi ulipe kama wenzako wenye nyumba za wageni wanavyolipa.

Ila leo, kabla hujashika kalamu, mrudishe mama kitandani kwake. Unasema halalamiki. Umewahi kumuuliza? Kaa naye, msomee fomu yote, hilo swali la chumba lisome mara mbili, kisha mwachie kalamu. Akikubali kusaini, pangisha chumba chako, godoro la chini liwe lako. Akikataa, usimbembeleze. Futa tangazo kwenye simu, rudi kwenye cherehani yako, na umshukuru kwamba muda wote huo hajakudai wewe kodi.